Majina ya Waendesha Pikipiki katika Mkoa wa Mara

Barabara kuu itokayo Sirari, mpakani mwa Kenya, hufika Makutano. Hapo njia moja huingia Musoma mjini, nyingine huelekea Butiama, na barabara yenyewe hupita Bunda ikafuata upande wa ziwa hata Mwanza. Katika barabara hiyo, na katika vijia vinavyoungana nayo, huonekana kila siku watu wa namna nyingi waliopanda chombo cha namna moja. Yuko afisa ugani aendaye kukagua mihogo na pamba. Yuko katekista, yuko mwalimu, yuko mchuuzi wa dagaa aliyefunga magunia yake kwa mipira mpaka pikipiki yenyewe haionekani. Yuko askari wa usalama barabarani. Mara moja moja hupita msafiri wa nchi za mbali, amevaa ngozi toka shingoni hata miguuni, chombo chake kikinguruma kama mtambo wa kusaga. Na wako, tena wengi kupita hao wote pamoja, vijana wachukuao abiria kwa nauli.

Watu hawa wote wameshika usukani wa namna moja, wanakula vumbi moja, na wakianguka huumia vile vile. Walakini Kiswahili kinachosemwa Kitaji, Nyasho na Bweri hakiwaiti kwa njia moja. Wa kwanza huitwa kwa kazi yake: bwana shamba. Wa pili na wa tatu kadhalika. Pikipiki zao hazitajwi ila pale inapohitajiwa kueleza walivyofika. Ni hawa wa mwisho peke yao ambao jina lao ni jina la chombo chao. Mtu huyo ni bodaboda, na kitu alichokalia ni bodaboda. Makala haya yanakusudia kulipima jina hilo, pamoja na jina jipya ambalo watu wa serikali na wa siasa wamelileta mahali pake, yaani afisa usafirishaji, na kuuliza kama dawa hiyo inafaa kwa ugonjwa wenyewe.

Asili ya neno haina ugomvi mkubwa. Lilianza katika mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960, ambako vijana wenye baiskeli walivusha watu na mizigo toka kituo kimoja cha mpaka hata kingine, wakinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka lililotamkwa mara mbili. Kiswahili kililipokea bila taabu, kwa sababu kilikuwa na desturi ya kuviita vyombo vya barabarani kwa maneno ya kurudiwarudiwa: pikipiki na tukutuku kwa kuiga mlio, daladala kwa kukumbuka sarafu ya shilingi tano iliyokuwa nauli yake. Baiskeli ilipoachia nafasi pikipiki za bei nafuu kutoka China na Uhindi, neno lilihama na kazi, likasahau mpaka uliolizaa. Kijana wa Butiama asiyepata kuuona mpaka wowote ni bodaboda sawasawa na yule wa Sirari aliye jirani nao.

Jambo la kupimwa, basi, haliko katika asili bali katika sarufi. Msemaji wa Musoma ana sentensi mbili. Akisema bodaboda imegonga mti, anakitaja chombo. Akisema bodaboda amegonga mti, anamtaja mtu. Jina halikubadilika hata kwa herufi moja. Tofauti yote imebebwa na kiambishi cha kitenzi. Hayo hayafanyiki kwa kila chombo. Hakuna asemaye kwamba daladala amekataa kurudisha chenji, kwa sababu daladala lina konda na dereva, watu wawili wenye majina yao. Lori lina dereva na utingo. Hata mashua ya Mwigobero, iwe na tundu, ina nahodha. Bajaji imeifuata bodaboda katika jambo hili, na si ajabu, maana kazi ni moja na vijana ni wale wale. Hivyo katika vyombo vyote vya kuchukua abiria, ni hivi viwili vya bei ndogo ambavyo watu wamevinyima dereva katika maneno.

Msomaji mwenye kuijua lugha atajibu kwamba kumwita mtu kwa kitu si tusi, na atakuwa na haki. Mgambo hapo zamani lilikuwa pembe ipulizwayo kuwaita watu, likawa mwito wenyewe, likawa jeshi la raia, na leo ni mtu mmoja mwenye kirungu sokoni: mgambo amemnyang'anya ndizi zake. Trafiki ni neno la magari kupita njiani, nalo limekuwa askari mwenye sare nyeupe. Watu hawa wawili wameitwa kwa kitu au kwa shughuli, wala hakuna awadharauye, huogopwa. Kwa hiyo kosa, kama lipo, si la kanuni ya lugha. Kanuni hiyo ni ya kale na ni nzuri, huifupisha sentensi na kuipa nguvu. Lipo katika yale ambayo jina huyakusanya njiani linapotumiwa.

Na bodaboda limekusanya mengi. Kwanza limeshikamana na neno dogo tu. Mama akiulizwa habari za mwanawe aliyemaliza kidato cha nne, hujibu, ni bodaboda tu. Na hilo tu limesema yote aliyotaka kusema na zaidi. Pili, limekuwa jina la mhalifu asiyetafutwa. Kila kikao juu ya watoto wa kike walioacha shule kwa sababu ya mimba, iwe mjini au vijijini, hufika mahali ambapo mtu husimama na kutaja lifti ya bodaboda na sahani ya chipsi. Kwamba yako matukio ya namna hiyo hakuna akanushaye. Lakini yafaa kutazama sentensi inavyojengwa. Kiswahili hakina kibainishi cha kutenga mmoja asiyejulikana na jamii nzima. Amepewa mimba na bodaboda ni habari ya mtu mmoja, na papo hapo yaweza kusikiwa kuwa ni habari ya kabila zima la watu. Sentensi ile ile ikisemwa juu ya mwalimu, msikilizaji huuliza mara moja: mwalimu gani, wa shule gani? Ikisemwa juu ya bodaboda, hakuna aulizaye. Sarufi ya sentensi hizo mbili haina tofauti. Kilichotofautiana ni swali lifuatalo. Hapo ndipo dhana iliyokwisha kutungwa huonekana wazi kuliko katika tusi lolote.

Hata wanasiasa hawakuwa na subira. Mwaka wa 2023 mmoja wao, aliporejea Arusha baada ya kukaa nchi za nje, aliihusisha kazi hiyo na laana, na kelele zilizofuata zilienea nchi nzima. Wengi waliomjibu walisema kwamba bodaboda ni ajira. Jawabu hilo lilikuwa la kweli, lakini lilijibu habari ya kazi, halikugusa habari ya jina. Na waliokuwa wakimkemea mchana walikuwa wakiita jioni, wee bodaboda, njoo!

Haifai kudhani kwamba dhana hizi zaenda upande mmoja. Vijiwe vya Bweri, mbele ya stendi ya mabasi, na vile vya sokoni Nyasho, vina maneno yao juu ya waendesha pikipiki wengine, na maneno hayo hayana huruma kuliko yale wanayosemwa wao. Pikipiki ya serikali, husemwa huko, haichoki kwa sababu mafuta si ya mwendeshaji. Pikipiki ya mwalimu husemwa kuwa hulala ndani ya nyumba na kufunikwa shuka, na kwamba mwenyewe huikwepa hata dimbwi la maji ya mvua. Afisa ugani huchekwa kwa kofia yake ngumu, ambayo huivaa hata akiwa amesimama. Kisha wako bodaboda wa shamba, wanaotoka vijiji vya Butiama na Bunda na magunia na madumu ya maziwa. Hao huonwa na wenzao wa mjini kuwa hawajui taa za barabarani wala alama. Nao wa shamba huwaona wa mjini kuwa watu wa lami, ambao wakiingia njia ya mchanga au tope la mvua za masika huomba kushikiwa chombo. Inaonekana kila kundi limejipimia ushujaa kwa njia yake lenyewe na kumwonea huruma asiyeipita.

Kati ya yote, dhana iliyo dhaifu kupita nyingine ni ile ihusuyo wasafiri wa pikipiki kubwa. Hao hutokea Nairobi kushuka kusini, na wengi hupita Musoma na Bunda si kwa kupenda ziwa bali kwa sababu pikipiki haziruhusiwi kuingia hifadhi ya Serengeti. Machoni pa watu wa kijiwe, mtu huyo ni tajiri mwenye kucheza; machoni pake yeye, kijana wa kijiwe ni hatari itembeayo bila vioo vya pembeni. Walakini wapo mahali ambapo wote wawili ni sawa. Katika lango la Ndabaka, wilayani Bunda, mwenye injini ya sentimita za ujazo 1200 na mwenye injini ya 125 watazuiwa kwa kanuni moja, na ikiwa mnyororo wa yule mkubwa umekatika, atakayemsaidia ni fundi wa yule mdogo, chini ya mwembe, kwa nyundo na kipande cha chuma. Wasafiri wengi wa namna hiyo hukumbuka saa hiyo kuliko mlima wowote waliouona. Katika Kiswahili cha kijiwe, hata hivyo, hubaki kuwa mzungu wa pikipiki, hata akiwa ametoka Nairobi na ngozi yake ni nyeusi kama ya fundi.

Sasa ndipo lilipoingia jina la afisa usafirishaji. Limeenea katika hotuba na katika magazeti katika miaka ya hivi karibuni, na makusudio yake ni mema: kumwondolea kijana fedheha ya jina la zamani na kumpa heshima ya mtu mwenye kazi. Wako walioliunga mkono kwa kusema kwamba watu hupanda pale majina yao yanapopanda. Hoja hiyo haistahili kuchekwa. Kiswahili kimekwisha kuona majina yakiwainua watu, na mfano ulio karibu umetoka Butiama penyewe. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka wa 1967, neno ndugu lilienezwa na chama cha Mwalimu Nyerere liwe la kutangulia jina la kila mtu, waziri na mkulima, na kwa miaka mingi barua za serikali zilianza nalo. Lakini yafaa kutazama jinsi neno hilo lilivyofanya kazi. Ndugu halikumpandisha mkulima hata awe kama waziri. Liliwaweka wote wawili katika ukoo mmoja. Neno lilikuwa la nyumbani, la baba na mama, na nguvu yake ilitoka huko.

Afisa halitoki huko. Ni neno la ofisi ya kikoloni, la mtu aliye nyuma ya meza, na mpaka leo limebaki na meza yake. Ukimwita kijana wa kijiwe afisa, unamwazima heshima ya watu wale wale wanaomwita bodaboda tu. Unakiri, bila kukusudia, kwamba heshima ipo ofisini peke yake, na kwamba asiye na ofisi hawezi kuipata ila kwa kuazima vazi la mwenye ofisi. Isitoshe, barabara hiyo hiyo ina maafisa wa kweli juu ya pikipiki. Mwaka wa 2022 serikali ilianza kuwagawia maafisa ugani pikipiki kwa maelfu, na tangu hapo katika njia za Butiama huweza kukutana maafisa wawili, mmoja mwenye mshahara, bima ya matibabu na likizo, wa pili mwenye kupeleka hesabu kwa tajiri wake kila jioni, anyeshewe asinyeshewe. Wakisalimiana kwa neno afisa, mmoja wao lazima acheke. Na kwa kweli ndivyo neno linavyopokewa vijiweni: kwa kicheko. Kijana hulitumia kumtania mwenzake aliyevaa viatu vipya. Cheo kinachochekesha wenye kupewa hakijawa cheo.

Lipo pia kosa la maana. Kiswahili kilikuwa na neno msafirishaji, lililoundwa vizuri kutoka kitenzi chake kama mchukuzi na mpagazi. Kwa nini halikutumika? Kwa sababu limekwisha kuchukuliwa. Wasafirishaji, katika lugha ya leo, ni wenye mabasi na malori, watu wa mitaji. Aliye na gari na asiyeliendesha ndiye msafirishaji. Aendeshaye na asiye na chombo ameachiwa jina la chombo. Mtu atakaye kujua jinsi mali inavyojipenyeza katika msamiati hahitaji mfano mwingine. Neno lilikuwa la mtendaji kwa umbo lake, nalo limehamia kwa mwenye mali. Na mtendaji, alipodai jina, akapewa afisa.

Kulinganisha na nyakati zilizopita kunasaidia. Katika karne ya 19 mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa kupita kiasi, alilala porini, na wengi walifia njiani. Hata hivyo jina lake lilikuwa la kujivunia, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mtu mzima. Katika mashamba ya mkonge ya karne ya 20 mfanyakazi alipewa namba, akaitwa manamba, na jina hilo halikupata kuwa la fahari hata kidogo. Kazi zote mbili zilikuwa ngumu, na hapana shaka ya mpagazi ilikuwa ngumu zaidi. Tofauti ni kwamba jina la mpagazi lilitoka katika lugha za wenye kazi, likibeba tendo lao. Jina la manamba lilitoka katika daftari la mwajiri. Kwa kipimo hicho bodaboda lina sifa moja ambayo watetezi wa afisa hawakuiona: lilinadiwa na wenye kazi wenyewe, mpakani, kwa vinywa vyao. Uchafu lililoupata ni wa baadaye, nao waweza kuoshwa. Afisa usafirishaji ni jina safi, ila limetoka katika daftari.

Tena vijana hao hawakungoja kupewa maneno. Wanao msamiati kamili wa kazi yao, ambao mchunguzi wa lugha angefaidika kuukusanya kabla haujabadilika. Kijiwe si mahali pa kusimama tu. Ni chama kidogo chenye mwenyekiti, zamu, kiingilio na adhabu. Hesabu ni fedha ya kila siku ya mwenye chombo. Mkataba ni mapatano ambayo kwayo mwendeshaji hulipa kidogo kidogo kwa muda uliowekwa, na muda ukitimia pikipiki huwa yake. Neno la mahakamani limekuwa hapa neno la matumaini, na kijana husema yuko kwenye mkataba kwa sauti ambayo mwingine husema ameposa. Deiwaka ni yule asiye na chombo, apewaye cha mwenzake kwa saa chache ili naye apate chakula. Neno hilo, lililotoka katika Kiingereza cha vibarua, limebeba ndani yake desturi ya kugawana ambayo hakuna kanuni iliyoiamuru. Mishikaki ni abiria wawili au watatu juu ya kiti kimoja, na mzaha wa neno hautoshi kuficha hatari yake. Hapa kijiwe kimejisamehe kwa urahisi mno.

Katika msamiati huo liko neno moja ambalo ndilo kiini cha jambo hili. Ni mwenzetu. Wao kwa wao, wakati wa utani, huitana bodaboda bila kinyongo. Lakini habari ikifika kijiweni kwamba mtu ameanguka katika mteremko au amegongwa na lori, haisemwi kuwa bodaboda amegongwa. Husemwa, mwenzetu kagongwa. Jina la chombo huanguka mara hiyo hiyo, na mtu hubaki. Michango ya hospitali hukusanywa kwa jina hilo. Akifa, pikipiki kwa makumi humsindikiza mpaka kaburini, honi zikilia na taa zikiwaka mchana, na watu wa kando ya njia husimama, hata wale waliokuwa wakisema ni bodaboda tu.

Udugu huo wa njiani una mpaka upi? Hilo ni swali gumu, na jawabu lake si moja. Kuna ishara ambazo wote wenye kupanda pikipiki huzijua na kuzitii bila kuangalia kibao cha namba kama ni cha njano cha mtu binafsi au cheupe cha biashara. Taa ya mbele ikiwashwa na kuzimwa, huko mbele kuna trafiki, au ng'ombe, au ajali. Chombo kikizimika, mwenye kupita huweka mguu wake juu ya kikanyagio cha pikipiki iliyozimika na kuisukuma huku akiendesha yake, kilomita kadhaa, mpaka kwa fundi. Na katika kutenda hivyo haulizwi mtu kabila lake, Mjita au Mzanaki, Mkurya au Mjaluo, wala haulizwi kama analipwa na halmashauri. Katekista husukumwa, mwalimu husukumwa. Na afisa ugani, ambaye alichekwa asubuhi kwa kofia yake, husukumwa jioni na kijana yule yule aliyemcheka, na wote wawili hawaoni ajabu.

Lakini mwenzetu lina upande wa pili, na uhakiki ukiunyamazia utakuwa umedanganya. Gari likimgonga mmoja wao, vijiwe vya karibu hujaa pale kabla askari hajafika, na mwenye gari, awe na kosa au asiwe nalo, huweza kupigwa na gari lake kuvunjwa. Neno lililomrudishia mtu utu wake huweza, katika dakika hiyo hiyo, kumnyang'anya mtu mwingine wake. Anayepigwa hupoteza jina vile vile: huwa mwenye gari, basi. Ni sarufi ile ile ya amepewa mimba na bodaboda, ila imegeuzwa upande. Mmoja amesimama mahali pa wote, na hakuna aulizaye ni yupi. Waliozoea kuhukumiwa kwa jinsi yao wamejifunza kuhukumu kwa jinsi hiyo hiyo, na haielekei kwamba cheo cha afisa kitawafundisha vingine.

Itaulizwa, basi, mwandishi wa gazeti, karani wa mahakama na mtunga kamusi wafanye nini. Kwa karani jambo ni jepesi. Kanuni za mwaka wa 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na vyombo vya magurudumu matatu ziliipa kazi hii mahali pake katika sheria, na mtu mwenye leseni ya udereva ni dereva. Dereva wa pikipiki ni maneno matatu, hayana sifa wala shutuma, na humpa kijana wa Nyasho jina lile lile alilopewa mwenye basi la Mwanza. Gazeti nalo laweza kulitumia pasipo hasara ya nafasi. Kwamba waandishi wengi tayari huandika dereva bodaboda ni hatua njema, ingawa wahariri wengine huona haya ya kiunganishi kilichoachwa. Waache haya hayo, lugha imekwisha kuamua.

Katika mazungumzo hakuna atakayeweza kuliondoa bodaboda, wala haifai kujaribu. Huko, mambo hurekebishwa kwa njia za zamani kuliko kamusi. Bibi aliyetoka na kapu lake sokoni haiti chombo. Husema, mwanangu, nipeleke Bweri, lakini taratibu; na kijana hujibu, shikamoo mama, panda; na safari nzima hakuna bodaboda aliyetajwa kati yao. Wingi wa mabodaboda, ambao huudhi masikio ya wengine, nao usihesabiwe kuwa dharau, maana ndio wingi wa madereva, makonda na maafisa wenyewe.

Kwa mtunga kamusi kazi ni kubwa zaidi. Haimtoshi kuandika kidahizo kimoja na maana ya pikipiki ya kuchukua abiria. Yampasa kuandika viwili, cha kwanza katika ngeli ya [i-/zi-], cha pili katika ngeli ya [a-/wa-], ili asomaye ajue kwamba Kiswahili, kwa kiambishi kimoja kidogo, kilimtenga mtu na chuma tangu siku ya kwanza. Na chini ya kile cha pili, mahali pa mfano wa matumizi, asiweke ajali wala mwizi aliyekimbia. Aweke sentensi isemwayo vijijini Butiama kila mwezi, bila mbwembwe yoyote: bodaboda alimfikisha mjamzito hospitali saa nane za usiku, mvua ikinyesha.